Namna ya Kuishi Maisha Safi ya Kikristo na Kuwa Kielelezo Jijini Nairobi

Mtume Paulo alipomhimiza Timotheo awe kielelezo kwao waaminio, alimtajia mambo matano: usemi, mwenendo, upendo, imani na usafi (1 Timotheo 4:12). Yote matano hupimwa zaidi nje ya kanisa kuliko ndani yake. Jumapili kila mtu amevaa vizuri, anaimba pamoja na wenzake na kusalimia kwa "Bwana asifiwe", na si rahisi kumtenga mwenye imani na mwenye mazoea. Wanaoweza kuwatenga ni mama mboga anayekuuzia sukuma wiki jioni, makanga wa matatu unayopanda kila asubuhi, msimamizi wa ploti, bawabu wa ofisi na dada anayekulelea watoto. Wengi wao hawajawahi kukuona ukiwa na Biblia mkononi, lakini wanajua unavyosema unapodaiwa, unapocheleweshwa na unapokuwa na uwezo wa kumwonea mtu asiweze kukujibu.

Mwongozo huu umepangwa kwa ajili ya macho ya watu hao, na ndiyo sababu unaanza na madeni na mishahara, huku kushuhudia kwa maneno kukiwekwa mwisho kabisa. Msomaji anayependa kuanza na mahubiri anaombwa avumilie mpangilio huo. Anaombwa pia akumbuke kwamba hakuna hatua hata moja hapa inayomwokoa mtu, kwa maana Waefeso 2:8-10 inafundisha kwamba tumeokolewa kwa neema, kisha ikaongeza kwamba tuliumbwa tutende matendo mema. Anayezifuata hatua hizi ili akubaliwe na Mungu atachoka upesi. Anayezifuata kwa sababu amekwisha kukubaliwa ataendelea nazo hata zitakapomgharimu.

Hatua ya kwanza: Andika majina ya wanaokujua siku za kazi

Chukua karatasi uandike majina ya watu wa makundi manne: unaowadai au wanaokudai, uliowaajiri, wanaoishi nawe ukuta kwa ukuta, na walio chini yako kazini. Kando ya kila jina, andika kwa ukweli kile ambacho mtu huyo angesema juu yako iwapo angeulizwa na mgeni, naye akiwa na hakika kwamba habari hazitakufikia. Adui za Danieli walimchunguza katika kazi yake ya serikali wasipate kosa wala hatia (Danieli 6:4), na walifanya hivyo kwa sababu walijua kwamba huko ndiko mtu mwenye sura mbili hukamatwa.

Usiende kuwauliza watu hao ana kwa ana. Mfanyakazi hawezi kumwambia mwajiri wake ukweli wote, na mpangaji anayekuogopa atakusifu tu. Tumia kumbukumbu yako na dhamiri yako, na mahali ambapo huna hakika, chukulia kwamba jibu si zuri. Kisha chagua majina matatu yaliyo mazito zaidi uyafanye kuwa kazi ya mwezi huu, kwa maana anayejaribu kurekebisha kila jambo kwa siku moja huishia kutoa ahadi nyingi mpya, na ahadi mpya ni madeni mengine.

Pamoja na karatasi hiyo, soma Waraka wa Yakobo, sura moja kwa siku. Una sura tano tu, na unaweza kuumaliza ndani ya matatu kati ya Jumatatu na Ijumaa. Yakobo anazungumzia ulimi, upendeleo kwa matajiri na mshahara wa vibarua, mambo ambayo yamo moja kwa moja katika orodha yako. Omba juu ya kila jina kabla ya kumwendea mwenye jina hilo.

Hatua ya pili: Lipa unachodaiwa, ukianza na aliye maskini zaidi

Zaburi 37:21 inasema kwamba asiye haki hukopa wala halipi. Haisemi hivyo kwa mlevi peke yake wala kwa tapeli peke yake. Mkristo anayetoa fungu la kumi huku akiwa na ukurasa mzima katika kitabu cha madeni cha kibanda cha mtaani anatoa fedha ambazo sehemu yake si zake.

Kusanya madeni yako yote mahali pamoja: kodi ya nyumba iliyolimbikizwa, mchango wa chama, mkopo wa Sacco, mikopo ya kwenye simu, Fuliza (mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lililopungua), karo, deni la kibandani, na zile ahadi ulizotangaza kwa sauti kwenye harambee ukapigiwa makofi. Ahadi ya harambee ni deni, hata kama mweka hazina ameona haya kukukumbusha. Ukishamaliza kuorodhesha, panga utaratibu wa kulipa, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu humlipa kwanza anayepiga kelele zaidi. Mikopo ya simu itakupigia usiku na mchana, na Fuliza hujikata yenyewe mara tu pesa zinapoingia, lakini mama mboga atanyamaza, atakuita "customa" kama kawaida na kukufungia mboga nyingine. Shilingi 600 unazodaiwa naye ni sehemu ya mtaji anaohitaji kesho kabla ya mapambazuko akaleta mzigo kutoka soko la Marigiti. Yeye alipwe kwanza. Mwenye benki anaweza kusubiri kwa mkataba na riba. Mama mboga hana riba wala wakili.

Usipoweza kulipa kwa tarehe mliyopatana, mwendee mdai wako kabla ya tarehe hiyo wala si baada yake, umweleze kiasi unachoweza kutoa na siku utakayotoa kilichosalia. Usizime simu. Ikiwa kuna watu waliokudhamini katika Sacco, waambie mapema unapoyumba, kwa maana ukishindwa kulipa ni akiba zao zitakazokatwa, na urafiki mwingi wa kanisani umevunjika kwa njia hiyo.

Kulipa kunahusu pia vitu ulivyochukua zamani. Zakayo alipokutana na Bwana Yesu aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemnyang'anya kitu kwa hila (Luka 19:8). Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, walijulikana kwa jambo hilohilo: mtu akiokoka, alirudi kwa mwajiri wake na vifaa alivyoviiba, akaviweka mezani na kuomba msamaha. Majirani ambao hawakuwa wamewahi kusikiliza mahubiri yao walianza kuwauliza kilichowapata. Ikiwa una kitu cha kurudisha, kirudishe chenyewe au thamani yake, na ikiwa mwenyewe amekwisha kufariki, watafute jamaa zake.

Kisha kuna pesa za watu zinazokujia bila wewe kuziomba. Makanga akikurudishia chenji ya elfu moja ilhali ulimpa noti ya mia tano, mpe iliyozidi kabla hujashuka, kwa kuwa pengo hilo atalijaza yeye jioni atakapofikisha kiasi alichowekewa na mwenye gari. Pesa zikiingia kwenye simu yako kwa makosa, kwanza angalia salio lako mwenyewe, kwa sababu matapeli hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa M-Pesa, kisha hukupigia wakilia. Ikiwa zimeingia kweli, usizitoe, wala usizitume kwa nambari nyingine utakayotajiwa; mwambie aliyekosea autume ujumbe wake wa muamala kwa 456 ili zirejeshwe, nawe uziache zilivyo. Kama ulikuwa na deni la Fuliza na sehemu ya pesa hizo imekatwa, ni juu yako kuongeza kilichopungua. Hiyo ni saa moja ya usumbufu kwa ajili ya mtu usiyemjua, ambaye huenda asikumbuke hata kukushukuru.

Hatua ya tatu: Mtendee haki anayekufanyia kazi nyumbani

Hatua hii nimeipa nafasi kubwa kwa makusudi. Katika nyumba nyingi za Wakristo jijini, ibada ya jioni husomwa sebuleni huku msichana wa kazi akiosha vyombo jikoni, na mtu huyo ndiye anayeijua nyumba hiyo kuliko mchungaji na wazee wa kanisa wote wakiwekwa pamoja.

Sheria ya Musa ilikataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi (Walawi 19:13), na Yakobo anasema kwamba mshahara uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana wa majeshi (Yakobo 5:4). Kwa hiyo anza na mshahara. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kiwango cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Ikiwa mapato yako hayakuruhusu kulipa kiasi hicho, usimweke mtu mwezi mzima kwa nusu yake ukisingizia kwamba anakula na kulala kwako; umwajiri kwa siku chache za juma kwa malipo halali ya siku, na kazi iliyobaki muifanye wenyewe. Watoto wa miaka kumi wanaweza kufua soksi zao.

Panga siku ya malipo na uishike, hata kama karo imefika. Mpe mkataba ulioandikwa, ukurasa mmoja unatosha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na siku hiyo ya mapumziko si siku ya kwenda nanyi kanisani akiwa amembeba mtoto wenu. Ni siku yake, aende katika kanisa lake, au msikitini kwake, au kwa dada yake Kawangware akalale. Umsajili katika NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, na katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambako makato yamekuwa asilimia 2.75 ya mshahara tangu Oktoba 2024, na hakikisha kwamba unachokata kinafika kinakopaswa kufika.

Ale chakula mnachokula. Anapougua apelekwe hospitali, asiambiwe apumzike kidogo kisha aendelee. Watoto wafundishwe kumwomba kitu kwa kusema "tafadhali" na kumshukuru, na wakimkosea waombe radhi mbele yenu. Mambo haya ndiyo huzungumzwa wasichana wa kazi wanapokutana wakianika nguo juu ya paa la ploti, na humo ndimo jina la Kristo hupandishwa au kushushwa katika mtaa mzima. Yaleyale yamhusu mlinzi, mwenye kukuoshea gari, na kibarua wa mjengo ambaye jioni ya Jumamosi anasubiri malipo ilhali wewe umekwisha kuondoka kwenda mazoezi ya kwaya.

Hatua ya nne: Fanya kazi yako kwa mizani ya kweli

Watoza ushuru walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari nao aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watoshewe na mshahara wao (Luka 3:12-14). Ni majibu ya wazi, yanayomfaa afisa wa kaunti, askari wa trafiki na karani wa masjala bila kubadilishwa neno.

Mfanyabiashara na aangalie vipimo vyake. Anayeuza maharagwe au mahindi kwa gorogoro anajua kwamba mkebe uliobonyezwa chini hupunguza nafaka bila mnunuzi kutambua, naye Mithali 11:1 inaiita mizani ya hadaa chukizo kwa Bwana. Tupa mkebe huo, ununue mwingine. Fundi asiseme "njoo kesho" ilhali anajua kwamba kitambaa bado hakijakatwa; aitaje siku ya kweli, hata kama mteja atakasirika na kuondoka, kwa kuwa Bwana aliagiza kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo (Mathayo 5:37). Mwajiriwa asitumie saa za kazi kuendesha maombi ambayo mwajiri hakuyaruhusu, kwa maana saa hizo zimekwisha kununuliwa. Waombee watu saa ya chakula cha mchana.

Kuhusu rushwa, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humtia hatiani anayetoa sawasawa na anayepokea, hivyo kusema "mimi nilitoa tu, sikuomba" hakumsaidii mtu mbele ya sheria, na mbele ya Mungu ndiyo kabisa hakumsaidii. Lakini kukataa kutoa kitu kidogo hakuanzi pale askari anapoinamia dirisha la gari. Kunaanza wiki tatu kabla, unapolipia bima, unapobadilisha magurudumu yaliyokwisha, unaposhughulikia leseni kupitia eCitizen mapema badala ya kungoja siku ya mwisho. Mtu ambaye makaratasi yake yamekamilika na ambaye ametoka nyumbani mapema ana nafasi ya kusema kwa upole, "Afande, kama nina kosa, nishtaki, nitafika kortini." Mtu mwenye bima iliyokwisha, anayekimbilia ndege, amekwisha kushindwa kabla hajasimamishwa. Ukitozwa dhamana ya fedha taslimu kituoni, dai risiti.

Gharama iko, na si haki kuificha. Kuna zabuni utakosa, kuna faili litalala mezani miezi, na kuna jamaa watakaokuita mjinga kwa kukataa nafasi ya kazi iliyonunuliwa. Ikalishe familia yako mapema uwaeleze msimamo wako na kile ambacho huenda mkakikosa, ili siku hiyo ikifika wawe wameshiriki katika uamuzi badala ya kuadhibiwa nao.

Hatua ya tano: Tawala ulimi, na kidole kinachosambaza ujumbe

Dhambi ya ulimi inayoheshimika kuliko zote makanisani ni uvumi uliovishwa vazi la maombi. Mtu huandika katika kikundi cha WhatsApp, "Wapendwa, tumkumbuke ndugu fulani, ndoa yake iko mahali pabaya," na kwa dakika kumi habari ambazo mwenyewe hakumweleza ila mtu mmoja zimewafikia watu mia mbili. Weka kanuni hii: usitaje hitaji la mtu mwingine hadharani bila ruhusa yake, na ukitaka kumwombea, mwombee kwa jina lake ukiwa peke yako. Mungu anaifahamu anwani.

Kanuni ya pili inahusu ukabila. Jiji hili lina watu wa kila kabila la Kenya, na baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 hakuna Mkristo anayeweza kudai kwamba maneno ya dharau juu ya watu wa kabila lingine ni utani tu. Anza na jambo dogo: mkiwa watu watatu mezani na mmoja hafahamu lugha yenu ya nyumbani, zungumzeni Kiswahili. Mwenye nyumba za kupanga asiulize jina la tatu la mpangaji ili apate kujua anakotoka. Mzee wa kanisa anayegawa nafasi za kazi ahesabu majina aliyoyapendekeza aone kama yote yanatoka upande mmoja wa nchi. Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unapokaribia, kataa kusambaza sauti na picha ambazo hujui zilikotoka, hata zikiwa zimetumwa na mchungaji wako, na ukikuta umesambaza uongo, rudi katika kikundi hichohicho ukanushe, mbele ya watu walewale.

Unapokosa, omba msamaha kwa sentensi isiyo na "lakini" ndani yake. "Nilikuaibisha mbele ya wenzako, nilikosea, nisamehe." Hiyo inatosha. Mwajiri anaweza kumwambia hivyo mfanyakazi, mume akamwambia mkewe, na mzazi akamwambia mtoto wa darasa la tatu bila kupungukiwa na heshima yoyote.

Hatua ya sita: Uwe jirani anayevumilika

Hapa maneno ni machache. Kesha lenye vipaza sauti katikati ya nyumba za watu, hata likiwa la maombi, linamnyima usingizi muuguzi anayeingia zamu alfajiri, na kanuni za mazingira za mwaka 2009 kuhusu kelele haziyatengi makanisa. Punguza sauti. Lipa mchango wa taka. Usiunganishe stima kwa kupita kando ya mita, wala usifungulie maji ya pamoja usiku ujaze mapipa yako ukiwaachia wengine mfereji mkavu. Ikiwa gari lako lina kibandiko cha Yesu nyuma, usilipandishe kwenye njia ya waendao kwa miguu kila foleni ya Jogoo Road inaposimama; ama badilisha uendeshaji, ama bandua kibandiko.

Hatua ya saba: Linda usafi wa mwili na wa nia

Yusufu alipokamatwa vazi na mke wa Potifa, alikimbia (Mwanzo 39:12); hakukaa kujadiliana. Hekima yake ni ya kutumiwa mapema. Kiongozi wa vijana asikutane na binti au kijana peke yake ndani ya chumba kilichofungwa. Akutane naye uani au ofisini mlango ukiwa wazi. Mazungumzo ya simu ambayo usingependa mwenzi wako ayasome yakatishwe leo, bila kuaga kwa ujumbe mrefu. Walimu wa shule ya Jumapili wawe wawili wawili daima, na mtoto akisema kwamba ameguzwa vibaya, jambo hilo lipelekwe polisi, lisizikwe katika kikao cha wazee kwa ajili ya kulinda jina la kanisa. Jina la kanisa huharibiwa na kuficha.

Makanisa yetu hayakubaliani kuhusu pombe, na mwongozo huu hautamaliza ubishi huo. Hata hivyo Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba uhuru wa mtu usiwe kikwazo kwa walio dhaifu (1 Wakorintho 8:9), nami naona kwamba katika mitaa yetu, ambako karibu kila familia ina mtu mmoja aliyeharibiwa na pombe, kikwazo hicho si cha kubuni. Kamari ya kwenye simu haina hata ubishi huo, ifute.

Hatua ya nane: Toa bila kamera

Bwana Yesu alionya tusifanye wema wetu machoni pa watu kusudi tutazamwe nao (Mathayo 6:1), na katika mahubiri yayo hayo alisema nuru yetu iangaze watu wayaone matendo yetu wamtukuze Baba (Mathayo 5:16). Tofauti iko katika nani anayebaki akisifiwa. Kikundi cha vijana kinachopeleka unga Mukuru au Kibera, kikawapanga watoto mstari mbele ya bango la kanisa na kuwapiga picha kabla ya kuwapa, kimejibu swali hilo tayari. Acheni bango nyumbani. Pitieni kwa jirani anayezifahamu familia zenye shida, lipieni deni la dukani au karo moja kwa moja, na muondoke.

Kenya imewahi kuona mifano ya namna hii. Irene Stefani, mtawa wa Consolata aliyehudumu Gikondi karibu na Nyeri hadi alipofariki mwaka 1930, aliitwa na wenyeji Nyaatha, mwenye huruma, na kanisa lake lilimtangaza mwenyeheri mwaka 2015. Maurice Otunga, aliyefanywa kardinali mwaka 1973, alizaliwa katika nyumba ya chifu, lakini alipostaafu uaskofu mkuu wa Nairobi mwaka 1997 alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, Kasarani, makao ya wazee maskini. Mkristo wa dhehebu lolote anaweza kujifunza kwao bila kuhama kanisa.

Hatua ya tisa: Kubali kuulizwa

Watu wakianza kukuona kuwa kielelezo, hatari mpya inazaliwa, nayo ni kwamba hakuna anayethubutu kukuuliza kitu. Mauti ya zaidi ya watu 400, wafuasi wa mhubiri mmoja, waliofukuliwa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 yalituonyesha mwisho wa njia ya mtu wa Mungu asiyeulizwa. Wewe huenda huna wafuasi, lakini unahitaji watu wawili wa jinsia yako, wa kanisa lako au jumuiya yako, ambao wanaruhusiwa kukuuliza kila mwezi kuhusu pesa, simu na nyumba yako, na ambao hawakutegemei kwa lolote. Mmoja wao awe mkubwa kwako kwa umri. Kutaneni ana kwa ana, mbele ya chai, na muwe na maswali yaleyale kila mara: Unadaiwa na nani? Umemkosea nani ambaye hujamwendea? Ni kitu gani ulichokitenda mwezi huu ambacho hutaki tukijue? Ukiwa umeshika fedha za chama au za kanisa, wape wakague vitabu kabla hawajakuomba.

Hatua ya kumi: Ukiulizwa sababu, jibu kwa ufupi

Mtume Petro aliagiza tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu (1 Petro 3:15). Anayeuliza huwa ameona jambo fulani: deni ulilolipa bila kukumbushwa, rushwa uliyoikataa, msamaha uliouomba mbele ya watu. Jibu jambo hilo aliloliona. Mwambie kwamba ulilipa kwa sababu wewe mwenyewe ulisamehewa deni kubwa na Kristo, kisha unyamaze umpe nafasi ya kuuliza tena au ya kubadilisha mazungumzo. Usimfungulie hotuba ya saa nzima ndani ya matatu, wala usilitaje kosa lake wakati anapolisifu jema lako.

Akitaka kwenda nawe kanisani, mweleze mapema ibada huanza saa ngapi na huchukua muda gani, ili asipange safari nyingine akaanza kutazama saa katikati ya mahubiri. Mwambie kwamba avae nguo alizo nazo na kwamba halazimiki kutoa sadaka wala kusimama wageni wanapoitwa. Ikiwa anatoka mbali, mlipie nauli ya kuja na ya kurudi. Ikiwa ni msaidizi wako wa nyumbani au mtu unayemlipa mshahara, usimwalike wewe; mwache akuombe mwenyewe, na akikuomba, mjulishe wazi kwamba kukataa kwake siku nyingine hakutagusa kazi yake.